Hasira ya Mpanda Pikipiki Hulipwa na Nani?

Liko swali ambalo watu wengi wa Dar es Salaam hulijibu kila siku kwa mikono na midomo yao, pasipo kulifikiri hata mara moja. Swali lenyewe ni hili: Mtu apandaye pikipiki, akiisha kukosewa na mwenye gari, je! ana haki ya kukasirika? Tena, kama anayo haki hiyo, yafaa aitumie palepale barabarani? Wako wasemao, "Naam, asiyekasirika hana moyo wa mtu." Na wako wasemao, "La, mvumilivu hula mbivu." Mimi nilikuwa katika hao wa pili, kwa kuwa sijashika usukani wa pikipiki maisha yangu yote; na ni kazi nyepesi kumhubiria saburi mtu ambaye taabu yake huijui. Lakini siku moja nilifundishwa neno hili nikiwa nimeketi nyuma ya kijana wa bodaboda. Napenda kuwaeleza niliyoyaona, kisha tuyapime pamoja.

Asubuhi moja nilishuka Mnazi Mmoja, nikitaka kwenda Ilala kumjulia hali ndugu mgonjwa. Nikamwita kijana mmoja kutoka kijiweni, tukapatana nauli, akanipa kofia ngumu nikaivaa. Alikuwa kijana mwenye adabu. Akaniamkia, "Shikamoo, mzee," kisha akasema, "Shika vizuri, leo Kariakoo imejaa." Nami nikamjibu, "Marahaba. Twende upesi, mwanangu, nimechelewa." Neno langu hilo likumbukeni, maana nitalirudia.

Tulipokaribia njia panda ya Uhuru na Msimbazi, gari dogo jeupe likachomoza kutoka mtaa wa pembeni, likatukatia njia. Kijana akashika breki, pikipiki ikayumba, goti langu likagusa ubavu wa gari, walakini hatukuanguka. Mwenye gari hakusimama, wala hakugeuza uso. Akaenda zake.

Hapo yule kijana mwenye adabu akawa mtu mwingine. Akatoa neno nisiloweza kuliandika katika gazeti hili, akavuta mafuta, akaanza kulifukuza lile gari. Nikamgonga begani nikasema, "Mwanangu, mwache." Hakunisikia. Tukapita katikati ya daladala mbili, nami nikafumba macho. Nilipoyafumbua nikaona mbele yetu mtu anayesukuma mkokoteni wa magunia ya vitunguu. Kijana akampitia karibu sana, hata yule mtu akaruka kando, mkokoteni ukainama, gunia moja likaanguka chini. Nikamsikia akipiga kelele nyuma yetu. Kijana hakusimama, wala hakugeuza uso. Akaenda zake.

Foleni ikalisimamisha gari lile kabla ya kufika Karume. Kijana akasogea ubavuni, akapiga kioo kwa kiganja, akasema kwa sauti kuu, "Unataka kutuua?" Ndani alikuwamo mtu mzima, peke yake. Akashusha kioo, akatutazama kama mtu aliyeamshwa usingizini. Akauliza, "Nimefanya nini, kijana?" Hakuwa akidhihaki, nilimtazama usoni, nikaona kwamba hajui. Alipoelezwa akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sikukuona. Nisamehe." Kijana akakosa la kusema. Alikuwa amejitayarisha kupigana na mtu aliyemdharau, kumbe amemkuta mtu ambaye hakumwona kabisa.

Tulipofika Ilala nikamwuliza, "Mwanangu, yule mtu wa mkokoteni ulimwona?" Naye akaniuliza, "Mtu gani, mzee?"

Ndugu, neno hilo halijanitoka moyoni. Katika safari ile fupi palikuwa na makosa mawili yaliyofanana kama pande mbili za kanga. Mwenye gari alimkatia njia mpanda pikipiki asimwone. Mpanda pikipiki akamkatia njia mwenye mkokoteni asimwone. Kijana aliliona kosa la kwanza tu. Mwenye mkokoteni aliliona la pili tu. Mwenye gari hakuona hata moja. Mimi peke yangu niliyaona yote mawili, si kwa sababu nina hekima kuwapita, bali kwa sababu nilikuwa nimeketi nyuma sina kazi.

Basi, jambo la kwanza tulifikirilo ni hili: hasira yetu barabarani mara nyingi hujengwa juu ya jambo tusilolijua. Tukikatiwa njia twasema mara moja, "Amenidharau." Lakini dharau na kutokuona si kitu kimoja. Huko Marekani, katika mji wa Los Angeles, mtaalamu mmoja aitwaye Harry Hurt na wenzake wa chuo kikuu walikwenda mahali zilipotokea ajali za pikipiki, wakazichunguza ajali zipatazo 900, nao wakatoa taarifa yao mwaka 1981. Waliona kwamba pikipiki igonganapo na gari, katika theluthi mbili hivi za ajali hizo ni mwenye gari aliyeingia njia ambayo ilikuwa haki ya mwenye pikipiki. Na sababu kubwa ilikuwa kwamba hakumwona, au alimwona akiwa amechelewa mno. Sababu yake si ngumu kuifahamu. Pikipiki ni nyembamba. Jicho lililozoea kutafuta gari hutafuta kitu kipana. Nguzo ya dirisha la gari yatosha kuificha pikipiki nzima pamoja na watu wawili walioipanda. Tena, kwa kuwa ni ndogo, mtu huidhani iko mbali au yaenda polepole kuliko ilivyo.

Habari hii yasema maneno mawili. La kwanza ni la kumpa haki mwenye pikipiki: si kweli, kama wengi wanenavyo, kwamba kila ajali ya bodaboda ni kosa la bodaboda. Vijana hawa hukosewa, tena hukosewa mara nyingi. La pili ni la kumtuliza: wengi wa hao wamkoseao hawamchukii wala hawamdharau. Sisemi kwamba hawana hatia. Kutokutazama ni kosa, na mwenye kuendesha chombo chenye uzito wa kilo elfu na zaidi amekabidhiwa kazi ya kutazama. Lakini kosa la kutokutazama halitibiwi kwa tusi. Mtu aliyekudharau ukimtukana, pengine atajua kwamba umetambua dharau yake. Mtu ambaye hakukuona ukimtukana, hatajua neno ila kwamba wenye pikipiki ni watu wa matusi. Na kesho hatatazama zaidi.

Nilipomweleza kijana mambo haya, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanijibu neno ambalo sikulitazamia. Alisema, "Mzee, wewe unashuka hapa. Mimi narudi palepale. Jioni yapo mahesabu ya mwenye pikipiki, nayo hayaulizi kama nilikatiwa njia au sikukatiwa. Tukinyamaza kila siku, hawa wenye magari watatukanyaga."

Ndugu wasomaji, tusilipuuze neno hili. Limebeba uzito, na mtu akiandika juu ya upole pasipo kulijibu ameandika hewa. Maana wako watu wengi wapendao upole wa wengine. Mwenye nguvu hupenda sana kumwona mnyonge akivumilia, na mithali iko tayari mdomoni mwake: Mwenye nguvu mpishe. Kama upole ni kumpisha mwenye nguvu kwa sababu ana nguvu, basi upole ni jina jingine la woga, wala hatuna ruhusa ya kuwafundisha vijana wetu woga na kuuita wema.

Kwa hiyo na tutafute upole ulio bora kuliko huo. Mwenye hekima mmoja wa Wayunani, Aristotle, aliyezaliwa mwaka 384 kabla ya Kristo, alifundisha katika kitabu chake cha maadili kwamba mtu mpole si yule asiyekasirika kabisa. Asiyekasirikia jambo lipasalo kukasirikiwa, yeye alimhesabu kuwa mpumbavu. Mpole kwake ni mtu akasirikaye kwa sababu ipasayo, juu ya mtu apasaye, kwa njia ipasayo, kwa wakati upasao, na kwa muda upasao. Twaweza kulichukua fundisho hilo, tukaenda nalo mpaka Mtaa wa Uhuru, tukalipima.

Sababu ipasayo: naam, kijana alikuwa nayo. Alikatiwa njia, akakaribia kuanguka. Hapo hasira yake ilikuwa ya haki, wala simlaumu. Mtu apasaye: hapa pameanza kuwa na shaka, maana hakumjua mtu yule wala moyo wake. Njia ipasayo: chombo cha magurudumu mawili, katikati ya daladala mbili, si njia. Wakati upasao: wakati wa kuendesha ni wakati wa kuendesha. Na muda upasao: ilimpasa muda wa kuvuta pumzi mara moja, naye akaichukua mpaka Karume. Basi, katika mambo matano, moja lilikuwa sawa na manne hayakuwa sawa. Ndiyo maana nasema: barabarani sababu ya hasira yaweza kuwa ya haki kabisa, lakini matendo ya hasira hayawezi kuwa ya haki, kwa kuwa barabara haimpi mtu nafasi ya kuyatengeneza hayo manne yaliyosalia.

Lakini sikujibu bado swali lililo juu ya ukurasa huu: hasira hii hulipwa na nani? Mithali yetu yasema, Hasira hasara. Tumeizoea hata hatuisikii tena. Tuulize basi: hasara ya nani?

Tuanze na mkono. Katika pikipiki, mkono wa kuume hushika mambo mawili: mafuta, na breki ya gurudumu la mbele, ambayo ndiyo yenye nguvu kuliko ya nyuma. Mkono wa kushoto hushika klachi. Mtu akiuinua mkono wa kuume ili amwonyeshe mwenye gari ngumi, ameiacha breki yake iliyo bora wakati ule ule anapoihitaji. Akiinua wa kushoto, ameyumbisha usukani. Tena tuhesabu macho. Chombo kiendacho kilometa 40 kwa saa hupita mita 11 kwa kila sekunde moja. Mtu akigeuza uso kwa sekunde mbili tu ili atukane vizuri, amekwenda mita 22 bila kuona. Ndugu uliyepita Kariakoo, mwenyewe wajua katika mita 22 za mtaa wake mna nini: mwanamke mwenye beseni kichwani, mtoto aliyeponyoka mkononi mwa mama, mmachinga aliyetandaza viatu mpaka kwenye lami, guta, bajaji, na mtu wa mkokoteni wa vitunguu. Hao ndio walipao.

Na aliyeketi nyuma hulipa kabla yao. Mimi nilitoa nauli ili nipelekwe Ilala. Sikutoa nauli niwe askari katika vita ya mtu mwingine. Aliyenikosea kwanza alikuwa mwenye gari, lakini baada ya hapo hatari yote niliyoipata nilipewa na yule niliyemwamini. Mtu akiwa peke yake aweza kusema, "Hasira ni yangu, na mwili ni wangu." Hata hilo silikubali, maana nyumbani yuko mama yake. Lakini akiwa amempakia mtu, neno hilo halisemeki kabisa.

Hapa nakumbuka jina la mahali penyewe. Watoto wetu husema Kariakoo kila siku pasipo kuuliza asili yake. Katika vita kuu ya 1914 hadi 1918 Waingereza waliwakusanya Waafrika wengi sana kuwa wachukuzi wa jeshi, na kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Waingereza walipouteka Dar es Salaam mwaka 1916, wachukuzi hao waliwekwa kambi mahali pale, na kinywa cha Kiswahili kikalifanya jina lile kuwa Kariakoo. Walikufa maelfu kwa maelfu katika vita ile, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Basi, Kariakoo ni mji wa wachukuzi tangu jina lake. Na kijana wa bodaboda ni mchukuzi, ndugu wa wale wa kale. Ila mzigo wake waongea, tena una watoto nyumbani. Hata jina la kazi yake latokana na kuchukua watu: lilianza miaka ya 1960 mpakani mwa Uganda na Kenya, upande wa Busia, ambako wenye baiskeli walikuwa wakiwavusha watu kutoka mpaka hata mpaka. Nchini kwetu kanuni za mwaka 2010 ziliitambua kazi ya pikipiki za abiria na kuitaka ifanywe kwa leseni. Ni kazi kamili, yenye heshima yake. Na heshima ya mchukuzi tangu zamani hupimwa kwa jambo moja: mzigo umefika? Hapimwi kwa maneno aliyojibizana na watu njiani.

Kwa hiyo kijana akiacha kumfukuza aliyemkosea, hakumpisha mwenye nguvu. Amemlinda aliye dhaifu kuliko yeye, yaani aliyeketi nyuma na anayetembea mbele. Hiyo ndiyo tofauti ya upole na woga. Mwoga humtazama mwenye gari na kuuliza, "Atanifanya nini?" Mpole huwatazama waliomzunguka na kuuliza, "Nitawafanya nini?"

Liko jambo jingine, nalo ni zito zaidi, ambalo laonekana mjini mara kwa mara. Pikipiki ikigongwa, wenzake waliogongwa hukusanyika upesi. Kukusanyika kwenyewe ni kwema, ni undugu. Wamwinue mwenzao, wamtafutie gari la kumpeleka hospitali, wachukue namba ya gari, wawe mashahidi. Lakini mara nyingine hukusanyika ili kumpiga mwenye gari, au kuvunja vioo vyake, kabla hata ya kuuliza nani aliyekosa. Tazameni matunda yake. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 yamtaka dereva aliyehusika na ajali asimame. Lakini dereva ajuaye kwamba akisimama atapigwa, hukanyaga mafuta akakimbia. Na aliyelala barabarani, ambaye pengine angefikishwa Muhimbili kwa gari lilelile lililomgonga, huachwa pale damu ikimtoka. Hivyo hasira ya jana ya kundi moja humwua leo kijana wa kundi lingine, asiyejua habari zake. Nani atasema kwamba hasira ile ilimsaidia mnyonge?

Basi, kijana atauliza, "Nifanye nini na haki yangu? Niimeze?" La, sivyo. Haki isimezwe, ichukuliwe mahali pawezapo kuibeba. Dereva akimtendea mtu uovu wa makusudi, ziko namba za gari, yuko trafiki, kiko kituo cha polisi. Kijiwe kina mwenyekiti wake, na neno la kijiwe kizima husikilizwa kuliko kelele za mtu mmoja kwenye foleni. Njia hizi ni ndefu, nami najua kwamba si kila anayezishika hufika. Lakini mtu akizishika amesimama chini, miguu miwili juu ya ardhi, wala hakuna mtu nyuma yake anayetetemeka. Huo ndio wakati upasao, na hiyo ndiyo njia ipasayo.

Na kwa siku za kila siku, ambazo hazina ajali ila zina maudhi tu, yako mambo machache ambayo wenye kazi hiyo waliokaa nayo miaka mingi huyafanya. Huwasha taa mchana, ili waonekane. Wakifika njia panda hupunguza mwendo hata kama njia ni yao, na hutafuta uso wa dereva, si gari lake tu. Maana ukiisha kuonana macho na mtu umejua kwamba amekuona. Honi huipiga fupi, kama mtu abishaye hodi, wala si kwa kuishikilia kama mtu agombaye. Hawaingii njia ya mabasi ya mwendokasi, hata ikiwa tupu. Huwasimamia waendao kwa miguu kwenye kivuko. Wakikatiwa njia huachia mafuta kwanza, huacha nafasi, ndipo wafikiri mengine. Na wakikosa wao, huinamisha kichwa au husema "Samahani" palepale, kwa sababu msamaha ukiombwa mapema huwa mwepesi kama manyoya, ukicheleweshwa huwa mzito kama gunia. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Lakini ningekuwa mdhalimu kama ningewapa bodaboda peke yao maneno haya. Ninyi wenye magari, ambao wengi mwasoma gazeti hili, deni lenu ni la kwanza. Upole wa mwenye pikipiki hauwezi kuziba pengo la macho yenu. Tazameni kioo cha pembeni kabla ya kugeuka, tena tazameni mara ya pili mkitafuta kitu chembamba. Simu na ilale. Na mkiambiwa, "Umenikatia njia," jibuni kama alivyojibu yule mtu mzima wa gari jeupe, kwa maneno mawili tu. Sijapata kuona maji yakizima moto upesi kama maneno yale yalivyoizima hasira ya kijana.

Na sisi abiria? Hapa narudi kwenye neno niliyewaomba mlikumbuke. Mimi ndiye niliyesema, "Twende upesi, nimechelewa." Nilichelewa kwa uvivu wangu mwenyewe, kisha nikamkabidhi kijana uchelewevu wangu aubebe juu ya mahesabu yake ya jioni. Mtu aliyeharakishwa huudhika upesi; hilo hakuna asiyelijua. Kila abiria amwambiaye dereva "kimbiza" ametia kuni katika moto, kisha hushangaa ukiwaka. Haraka haraka haina baraka, nasi twawafundisha watoto mithali hiyo, lakini tukipanda bodaboda twaisahau. Basi, nilipokuwa tayari kumwonya kijana juu ya hasira yake, niliona kwamba na mimi ninalo fungu langu katika gunia lile la vitunguu. Nikamwambia hivyo.

Akanyamaza, akiutazama usukani wake. Kisha akauliza, "Gunia lilianguka kweli, mzee?" Nikamjibu, "Lilianguka." Nikatoa nauli, nikaongeza kidogo, nikamwambia kilichozidi ni cha mwenye mkokoteni akimwona, maana deni lile ni letu wawili. Akaipokea, akaivaa kofia yake, akageuza pikipiki kuelekea kule tulikotoka. Sijui kama alimkuta yule mtu. Lakini nilisimama nikimtazama mpaka alipofika njia panda iliyo karibu, nikaona gari likimtangulia pasipo kumpa nafasi. Naye akaachia mafuta, akaliacha lipite, akaenda zake.